Asidi Isiyomwagwa

Inspekta Gorreti Nakisige ndiye aliyemwinua mgonjwa kichwa ili ameze kidonge. Jambo hilo halikuingia katika taarifa yake ya kwanza, kwa sababu siku ile hakuliona kuwa jambo. Katika wadi ya wanawake, Mbale, muuguzi hudunga sindano na kubadilisha dripu. Kumwosha mgonjwa, kumlisha na kumpa vidonge ni kazi ya ndugu aliyetandika mkeka kando ya kitanda. Ndugu wa Hajarah alikuwa Rashidah, dada wa mumewe, naye alikuwa na mikono miwili tu.

“Afande, nisaidie kidogo,” Rashidah alisema. “Mwinue. Asipomeza ataniharibia usiku mzima.”

Gorreti alipitisha kiganja chini ya kisogo. Midomo ya Hajarah ilikuwa imegeuka ukoko mweusi, na alipoifungua ilipasuka, damu ikachirizika hadi kidevuni. Rashidah alitoa kidonge cheupe katika kimfuko cha nailoni, akakisukuma kwa kidole, akamimina maji, akamfumba mdomo kwa nguvu kama mtu anayefunga begi lililojaa.

“Meza, wifi. Usijifanye mtoto.”

Hajarah alimeza. Gorreti alipoutoa mkono, kipande cha ngozi kilikuwa kimebaki kiganjani mwake, chembamba, chenye unyevu, na nywele mbili zimeshika juu yake. Alikifuta kwa leso akauliza swali lililomleta: ni nani aliyekumwagia? Mgonjwa aliguna tu. Kope zake zilikuwa zimegandamana.

Kisogo kile kilikuwa kimefunikwa kwa mtandio siku nzima ya tukio, na hakuna shahidi aliyesema asidi iligusa kisogo. Inspekta alikuwa na ushahidi mkononi mwake, akautupa pamoja na leso.

*

Mtuhumiwa alikuwa Nusifa, mke mdogo wa mwanamume huyohuyo. Mume huyo, Shakul, aliuza betri za magari mjini Jinja na aliishi na Nusifa mtaa wa Mafubira. Hajarah, mke mkubwa, alikaa Mbale, katika mtaa wa Namatala. Nusifa alikuwa amekuja kumtembelea mke mwenzake. Siku ya pili ya ziara hiyo uso wa Hajarah ulivimba na kutoka malengelenge, kufikia jioni ngozi ya kifua ikaanza kuchubuka, na mtaa ukasema ni asidi. Walimtoa Nusifa nje kwa nywele. Polisi walipomfikia alikuwa amepoteza meno mawili, na mtu alikuwa tayari amekwenda kutafuta petroli.

Alikaa sakafuni katika chumba cha mahojiano. Mbele ya gauni lake palikuwa na madoa mawili ya mviringo, yaliyolowa.

“Hiyo ni nini?” Gorreti aliuliza.

“Maziwa, Afande. Mwanangu yuko Mafubira. Matiti yamekuwa mawe.”

Askari wa kike aliyesimama mlangoni alicheka. “Asidi inatoa maziwa leo.”

Ndivyo walivyomwita mahabusu: Asidi. Asidi, fagia. Asidi, toa ndoo. Nusifa alikizungumza Kiswahili vizuri, kama Waislamu wengi wa Jinja, lakini kila amri ilipotolewa kwa lugha hiyo, ambayo kwao ni ya askari, mabega yake yalipanda, yakingoja pigo.

“Mtoto ana umri gani?”

“Hajaanza kutambaa.”

“Mama anayenyonyesha anasafiri bila mtoto?”

“Mume wangu alinikataza nisimchukue. Alisema Hajarah anakohoa, mtoto ataambukizwa. Akasema nenda mara moja, mpelekee sukari na dawa, kaa naye mpaka uone anazinywa, urudi.”

“Dawa gani?”

“Ya kikohozi. Ilikuwa kwenye kimfuko cha nailoni, kama wanavyotuhesabia dukani.”

“Na asidi?”

“Afande, mume wangu anauza betri. Mimi nafua nguo zake, zina matundu kila mahali. Najua asidi inavyofanya. Ningemmwagia, ningemmwagia akiwa amevaa nini?”

Gorreti aliona kwamba swali lile lilikuwa bora kuliko yote aliyokuwa ameuliza yeye.

Gauni alilovaa Hajarah siku ile lilikuwa ndani ya gunia katika chumba cha vielelezo. Gorreti alilitandaza juu ya meza, akalipitisha mbele ya dirisha, mkunjo baada ya mkunjo. Lilikuwa na majimaji yaliyokauka, na vipande vya ngozi upande wa ndani. Kitambaa kilikuwa kizima. Hapakuwa na tundu hata moja, wala uzi uliobadilika rangi.

Alimpelekea mkuu wake, Afande Mugweri, aliyekuwa akila ndizi za kuchoma nyuma ya faili.

“Nguo haina tundu, Afande.”

“Basi alimvua kwanza.”

“Akamvua, akammwagia, akamvisha?”

“Gorreti, wewe unatafuta nini tena? Hii kesi iko wazi. Watu wa Namatala wako hapo nje, wanataka huyu mwanamke. Kesho asubuhi anapelekwa kortini. Ukiniletea nguo, mimi nitawaonyesha nguo?” Alipangusa vidole. “Mume pia ameandikisha maelezo. Anasema mke mdogo alikuwa na wivu. Mume gani aseme uongo juu ya wake zake mwenyewe?”

“Nipe mpaka kesho jioni.”

“Kesho mchana. Na ukirudi mikono mitupu, wewe mwenyewe utampandisha kwenye gari.”

Nje ya geti kulikuwa na watu walioshika mawe bila kujificha. Mwanamke mmoja alimsalimu Gorreti kwa heshima, akauliza saa ngapi Asidi angepitishwa.

*

Gorreti alianza na jambo dogo: neno lenyewe. Ni nani aliyelitamka wa kwanza? Fundi wa viatu wa Namatala alilisikia kwa muuza samaki. Muuza samaki alilisikia kwa jirani wa ukuta mmoja na Hajarah. Jirani, baada ya kueleza jinsi Shakul alivyotaka kuuza shamba la Hajarah akakataliwa, alisema alilisikia kwa Rashidah, aliyetoka uani akipiga yowe. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameona chupa, wala kusikia Hajarah akilia kama mtu aliyemwagiwa kitu. Walikuwa wameona ngozi, na wameambiwa jina lake.

Gorreti alimkuta Rashidah kwenye ngazi za wadi, akifua shuka.

“Wewe ulijuaje kuwa ni asidi?”

“Si kila mtu anajua?”

“Nakuuliza wewe.”

Rashidah aliikamua shuka. “Kaka alinipigia simu. Nilipokea nikiwa nalia, nikamwambia tu njoo, mkeo anakufa. Akaniuliza, ‘Ngozi inatoka? Nusifa amemmwagia asidi?’ Ndipo nikaelewa.”

“Ulikuwa umemwambia habari ya ngozi?”

“Nilikuwa sijamwambia kitu. Nilikuwa nalia.”

“Fikiri vizuri.”

“Afande, nimesema nilikuwa nalia. Kaka ana akili, aliwaza mwenyewe.”

Mwanamume aliyekuwa Jinja, aliyeambiwa tu kwamba mke wake anakufa, alikuwa ameuliza kama ngozi inatoka. Angeweza kuuliza kama ni malaria, au gari, au wezi. Gorreti aliyaandika maneno yale kama yalivyosemwa, akamsomea Rashidah, akamtaka aweke saini. Kisha akapanda gari la polisi kuelekea Jinja, akiwa bado anaamini kwamba anatafuta asidi: pengine Shakul mwenyewe ndiye aliyeitoa dukani, akampa mke mdogo aibebe.

*

Katika Mafubira, mtoto wa Nusifa, Swaib, alikuwa mgongoni mwa jirani aliyeitwa Mama Jamil, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti ikamwisha. Sasa alikuwa akifungua mdomo tu.

“Anataka ziwa,” Mama Jamil alisema. “Nampa maziwa ya kopo, anatema. Niambie, nyabo, mama yake amefanya kweli?”

“Hili kopo nani alinunua?”

“Baba yake. Rafu nzima, tazama. Alileta kabla Nusifa hajasafiri, akaficha kwangu. Nikamtania, nikasema Hajji, mkeo anakwenda Mbale au anakwenda Maka? Akacheka.”

“Yeye alimwambia Nusifa kuwa atarudi haraka.”

“Ndiyo nilichoshangaa. Maziwa haya ni ya mtoto asiye na mama.”

Gorreti aliitazama rafu. Yule mtu alikuwa amejua kwamba mke wake mdogo angekawia. Swali lilikuwa alijuaje.

“Hajarah umewahi kumwona?”

“Aliishi hapa zamani, kabla ya Nusifa kuolewa. Mtu mpole, lakini hana lugha. Anajua Kigisu tu, ametoka huko mlimani. Tulikuwa tunasemezana kwa mikono. Aliugua hapahapa, midomo ikamtoka vidonda, macho mekundu kama pilipili, mwili madoadoa. Tulidhani amerogwa. Hajji alimpeleka kwa Daktari Geresom, akapona.”

Kalamu ya Gorreti ilisimama. “Midomo?”

“Midomo, ndani na nje. Uji ulikuwa unamtoa machozi.”

Daktari Geresom alikuwa mtu wa magonjwa ya ngozi, mzee mkavu mwenye zahanati ndogo nyuma ya barabara kuu, asiyependa maswali marefu. Alimkumbuka Hajarah kabla Gorreti hajamaliza kumweleza.

“Mzio wa dawa,” alisema. “Alikuwa amepewa vidonge vya salfa kwa ajili ya kifua, vile watu wanavyoviita septrini. Dawa nzuri kwa watu wengi sana. Kwa wachache, ni sumu. Sasa yuko wapi?”

“Wadi, Mbale. Amemwagiwa asidi.”

“Nani amesema?”

Daktari alisukuma kiti nyuma.

“Nieleze unachokiona, usinieleze unachoambiwa. Ilianzaje?”

“Ndugu yake anasema homa. Koo. Macho yaliwasha. Walidhani ni mafua yaliyozidi. Halafu madoa mekundu, katikati meusi. Halafu malengelenge.”

“Mdomo?”

“Umeoza wote. Ndani ya shavu, ulimi.”

“Macho?”

“Yamegandamana.”

“Haja ndogo?”

“Wauguzi wanasema analia akijisaidia.”

“Asidi ya kumwagiwa usoni haifiki huko, Inspekta. Wala haingoji homa itangulie. Ukiigusa ngozi ambayo haijaharibika, ukaisukuma kwa kidole, inafanya nini?”

Gorreti alikitazama kiganja chake. Alikumbuka kisogo, mtandio, nywele mbili.

“Inateleza,” alisema. “Inabaki mkononi.”

“Basi huyo hajachomwa. Amepewa tena dawa ileile. Mara ya kwanza ilimwonya, na mara ya pili huja haraka na kwa ukali kuliko ya kwanza. Wamekwisha kuiacha?”

“Kuacha nini?”

“Dawa, mama! Tiba ya kwanza ni kuacha dawa, na hakuna ya pili kabla ya hiyo. Ukimtilia maji, ukamsafisha macho, ukamfunga vidonda kwa kitambaa kisichonata, na bado anameza kidonge kilekile, unamwosha maiti.” Akauliza kwa sauti nyingine: “Wanampaka nini?”

“Krimu nyeupe. Ya watu waliochomwa moto.”

Daktari aliinuka. “Krimu nyeupe nyingi za moto zina salfa ndani yake. Nani aliwaambia wauguzi kuwa huyu amechomwa?”

Ilikuwa polisi. Ilikuwa ni yeye, Gorreti Nakisige, aliyesimama mlangoni mwa wadi siku ya kwanza na kumwambia daktari wa zamu, kwa sauti ya mtu wa serikali, kwamba hii ni kesi ya asidi. Daktari wa zamu alikuwa na vitanda vilivyojaa, na hakuwa na sababu ya kubishana na polisi. Tangu siku hiyo walikuwa wakimpaka asubuhi na jioni, kwa uangalifu, mahali pote palipochubuka.

Alipiga simu wadini. Ilipokewa na sista mkuu.

“Sista, Nakisige wa upelelezi. Yule Hajarah. Ondoeni krimu, msimpake tena. Na Rashidah asimpe kidonge chochote.”

“Inspekta, amri ya dawa inatoka kwa daktari, haitoki polisi.”

“Ninaye daktari hapa.”

“Huyo si wa wadi hii. Na mgonjwa yuko mezani sasa hivi, ndiyo kwanza tunampaka mgongo.”

Kupitia simu Gorreti alisikia sauti nyembamba, ya mnyama, ikipanda na kukatika. Alipaza sauti mpaka wagonjwa wa nje wakageuka. “Sista, kila mnapogusa mnamuua! Weka chini hicho kitu!”

Daktari Geresom alimnyang’anya simu, akazungumza polepole, kwa maneno ya kitabibu, akitaja jina la ugonjwa, la dawa na la krimu. Alisikiliza. Akasema, “Osheni yote kwa maji ya chumvi. Mpigieni mtu wa macho leo, si kesho.” Kisha akairudisha simu.

“Wamesimamisha. Siwezi kukuahidi kitu.”

“Daktari, swali la mwisho. Mara ile ya kwanza, ulimwambia Hajarah asinywe tena dawa hizo?”

“Nilimwambia mbele ya mumewe, mara tatu. Nikamwambia akizinywa tena anaweza kufa, ngozi yote itatoka kama ya mtu aliyeunguzwa. Mimi Kigisu sijui. Mumewe alitafsiri.”

*

Duka la Shakul lilinuka madini ya risasi na maji ya betri. Alikuwa amevaa kanzu safi, kofia imekaa sawasawa, na alimkaribisha Gorreti kwa kiti na soda.

“Mmeshampeleka kortini?” aliuliza.

“Bado. Bwana Shakul, dawa ya kikohozi uliyomtuma Nusifa ulinunua wapi?”

“Duka la dawa. Yapo mengi.”

“Ulitoa kwenye pakiti ukatia kwenye nailoni?”

“Kila mtu anauziwa hivyo.”

“Mkeo Hajarah amewahi kuugua kwa sababu ya dawa?”

“Hapana. Ana afya ya punda.”

“Nimetoka kwa Daktari Geresom.”

Shakul aliigeuza chupa yake ya soda, akaisogeza ikae katikati ya meza. “Ah. Ile. Ilikuwa vipele tu.”

“Daktari alizungumza Kiingereza. Wewe ulimwambia Hajarah kwa Kigisu. Ulimwambia nini?”

“Nilimwambia amepona.”

“Hilo tu?”

“Alikuwa amepona.”

“Dawa hukumtajia jina?”

“Angelifanyia nini? Hajui kusoma.”

“Ulipompigia Rashidah simu, ulimuuliza kama ngozi inatoka. Alikuwa hajakwambia habari ya ngozi. Ameweka saini.”

“Dada yangu anaongea sana.”

“Alikuwa analia tu, hakuongea. Na maziwa ya Swaib ulinunua kabla mama yake hajaondoka. Rafu nzima.”

Kwa mara ya kwanza Shakul alimtazama usoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mfanyabiashara ambaye mteja ameijua bei halisi.

“Nilikuwa hapa Jinja, Afande. Mtaa mzima unajua.”

“Sijasema ulikuwa Mbale. Hajarah alirithi shamba Busiu, kando ya barabara ya Tororo. Jirani zake wanasema ulitaka kuliuza akakataa.”

“Mwanamke mmoja, ekari zote zile, anapanda mahindi! Barabara imepita, watu wanajenga, yeye anasema kaburi la baba yake liko pale.” Alitikisa kichwa, kwa huzuni ya kweli. “Nilimbembeleza. Mungu anajua nilimbembeleza.”

“Na Nusifa? Yeye alikukosea nini?”

“Nusifa hajanikosea kitu.”

“Wamemng’oa meno. Walikuwa wanatafuta petroli.”

Shakul aliinua mabega kidogo. “Mke anapatikana, Afande,” alisema. “Ardhi ya barabarani haipatikani.”

Gorreti alimfunga pingu palepale, katikati ya betri zake. Shakul alimwomba tu asiikanyage kofia yake iliyoanguka.

*

Nusifa alitolewa alasiri ile kwa mlango wa nyuma, kwa sababu watu wa Namatala walikuwa bado mbele na mawe yao, na Mugweri alikataa kwenda kuwaeleza. “Nikiwaambia ni dawa, watasema nimekula hongo,” alisema. Alimgeukia Nusifa. “Wewe una bahati. Nenda.” Askari wa kike alimrudishia viatu. Kimoja hakikuwa chake.

Hajarah aliishi. Kwa muda mrefu haikuwa dhahiri kwamba angeishi, na yeye mwenyewe, wauguzi walisema, hakuomba kuishi. Ngozi ilirudi kwa mabaka, nyeusi na nyeupe. Jicho la kushoto lilifungwa na kovu; la kulia lilibakiza mwanga na vivuli.

Alipoweza kuzungumza, Gorreti alikwenda kuchukua maelezo yake. Wadi nzima mchana ule hapakuwa na muuguzi anayejua Kigisu. Kulikuwa na Rashidah.

“Mwambie,” Gorreti alisema, “hakumwagiwa kitu. Ilikuwa ni dawa. Mwambie jina lake.”

Rashidah alitafsiri, macho sakafuni. Hajarah alilirudia jina lile kwa midomo yake mipya, likamtoka vibaya, akalirudia tena. Kisha akauliza swali fupi.

Rashidah hakulitafsiri.

“Anasema nini?”

“Anauliza…” Rashidah alishika ukingo wa kitanda. “Anauliza kama kaka alijua.”

“Mjibu.”

“Afande, mimi ndiye niliyempa vile vidonge. Kwa mkono huu. Usinitume tena.”

“Mjibu. Neno kwa neno, bila kupunguza.”

Rashidah alijibu. Ilikuwa sentensi moja, na ilimchukua muda mrefu. Hajarah alisikiliza hadi mwisho, akaugeuza uso ukutani, akanyoosha mkono nyuma akiusukuma mkeka wa Rashidah mbali na kitanda, kadiri mkono ulivyoweza kufika.

Tangu siku hiyo hakumeza kidonge chochote kabla hajatajiwa jina lake, na hakumruhusu tena mtu yeyote wa nyumba ya mumewe amtafsirie.